Sindano ya kuyeyusha bonge la damu ishachomwa, sasa dokta anataka kufungua fuvu: ndugu wa mgonjwa mfanyeje

Naandika hii kwa sababu maswali ni yaleyale kila wiki, na mara nyingi naulizwa koridoni saa nane usiku nimeshika dripu mkono mmoja. Maswali yenyewe ni ya haki kabisa, tatizo yanakuja wakati muda umeshaenda. Mimi ni nesi wa ICU (chumba cha mahututi) hapa Dar, wagonjwa wa kiharusi na wa kichwa ndo kazi yangu. Hapa naongea na wewe uliye nje ya mlango, mtoto wa mgonjwa, mke, shemeji, yule mwenye simu yenye chaji ambaye kila mtu anamtegemea. Madaktari wana miongozo yao, huu ni wenu.

Swali namba moja huwa hivi: "Sista, si walishamchoma ile sindano ya kuyeyusha damu, tukalipa hela yote ile, sasa kupasua kichwa tena ya nini?"

Ni hivi. Sindano (alteplazi, au siku hizi tenekteplazi) kazi yake ni kuzibua mshipa. Ila ubongo ulioshakosa damu kwa masaa haufufuki, na ule uliokufa unavimba, hasa kama uliozibwa ni ule mshipa mkubwa unaolisha nusu nzima ya ubongo. Saa nyingine mshipa haukuzibuka kabisa, saa nyingine ulizibuka kwa kuchelewa. Na fuvu ni mfupa, halitanuki. Umeshawahi kukanda unga wa maandazi ukatia hamira, ukaushindilia kwenye kopo dogo ukafunga kifuniko? Sasa kopo hilo chini lina tundu moja, na kwenye hilo tundu ndo kumepita sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi. Uvimbe ukisukuma huko chini mgonjwa anaacha kupumua. Kufungua fuvu ni kutoa kifuniko ili unga uumukie nje badala ya kwenda chini. Basi, nadharia imeishia hapo.

Kitu kimoja ukishike tangu sasa maana ndo kinachogombanisha familia baadaye: operesheni hii haitibu kiharusi. Mkono uliolegea hauamki kwa sababu fuvu limefunguliwa, wala maneno hayarudi. Inamzuia tu asife kwa mgandamizo. Ukiisaini ukidhani baba atatoka anatembea, utamchukia dokta bure.

Vitu vya kuwa navyo kabla hata hamjaitwa

- Saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Sio saa mliyomkuta ameanguka. Kama alilala saa nne usiku akiwa mzima, mkamkuta saa kumi na mbili asubuhi, saa yenu ni saa nne usiku.
- Jina la sindano aliyochomwa na saa ilipoanza. Kama mmetoka hospitali nyingine hakikisheni imeandikwa kwenye barua ya rufaa, na muipigie picha barua yenyewe.
- Dawa anazomeza nyumbani: za kuzuia damu isigande (aspirini, klopidogreli, warfarini), za presha, za sukari, na zile za mitishamba mnazotuficha. Leteni hata vikopo na makaratasi yake.
- Picha za CT skani zenyewe, filamu au CD. Karatasi ya majibu peke yake haimtoshi mpasuaji, anataka aone kwa macho yake.
- Umri wa kweli. Sio ule wa kwenye kitambulisho uliopunguzwa ili apate kazi. Mbele utaona kwa nini.
- Mkono anaotumia kuandikia.
- Watu wa kuchangia damu, wenye afya, wameshakula, wapo karibu. Watatu wanne waliopo wanazidi ishirini wa kwenye grupu la familia.
- Kadi ya bima, na mmeshauliza inalipa nini: ICU kwa siku, thieta (chumba cha upasuaji), CT ya kurudia.
- Msemaji MMOJA. Narudia, mmoja.

Hatua kwa hatua

1. Andika saa ukutani, au nyuma ya daftari la mtoto, popote.

Saa mbili tofauti: saa ya kiharusi na saa ya sindano. Kila uamuzi utakaoletewa unahesabiwa kutoka hapo. Sindano yenyewe mwisho wake kwa kawaida ni masaa manne na nusu tangu kiharusi kianze, kwa hiyo kama amechomwa maana yake mliwahi, na hongereni, wengi wanafika kesho yake wakiwa wameshapitia kwa mganga na kwenye maombi.

2. Uliza swali hili moja: "Ni uvimbe au ni damu?"

Baada ya sindano mgonjwa akizidiwa sababu kubwa ni mbili na watu wanazichanganya. Moja ni uvimbe niliousema, ambao mara nyingi unapamba moto kati ya siku ya pili na ya tano. Ya pili ni damu kuvujia ndani ya ubongo kwa sababu ya dawa. Hiyo kawaida inatokea mapema, ndani ya saa 24 hadi 36. Kwenye utafiti wa Marekani wa mwaka 1995 uliofungua njia ya hii dawa, kama wagonjwa 6 kati ya 100 walivuja damu na hali ikabadilika. Kutofautisha ni CT tu, hakuna nesi wala profesa anayeweza kukuambia kwa kumwangalia usoni. Kwa hiyo mkisikia anarudishwa CT msiseme "wanataka hela tena".

Ikiwa ni damu, kwanza wanazima dawa kama bado inaingia, wanapima damu, wanampa vitu vya kugandisha (kuna sehemu ya damu inaitwa kraiopresipiteti, kuna dawa ya traneksamiki), ndipo wanazungumzia kupasua au kutopasua. Hatua zinazofuata nazielekeza zaidi kwenye uvimbe maana ndo unaowapa muda wa kufikiri.

3. Saa 24 za kwanza baada ya sindano, mikono yenu ikae mbali.

Hapa ndo makosa yanapofanyika na yanafanywa na watu wenye mapenzi kabisa.

Msimpe aspirini. Najua mmesoma mahali kwamba aspirini inasaidia kiharusi, ni kweli inasaidia, ila baada ya sindano hii inasubiri saa 24 zipite na CT ya kurudia ionyeshe hakuna damu. Msimpe uji, maji, asali wala kijiko cha maji ya Zamzam mpaka apimwe kumeza, maana koo nalo limepooza na kile kijiko kinaenda kwenye mapafu. Hakuna kumkanda kwa nguvu na mafuta ya moto. Hakuna kuomba achomwe sindano ya maumivu ya kwenye tako, pale patavimba damu kama embe. Presha tunaishikilia isipite 180/105, kwa hiyo mkimlilia kitandani na kumtingisha "baba amka, baba amka" mnatupandishia presha tunayoishusha.

Ukiona damu kwenye fizi kidogo au alama ya bluu palipochomwa dripu, mwambie nesi lakini usipige kelele, hiyo tunaitegemea. Kinachotutisha ni kichwa kuuma ghafla, kutapika, presha kuruka, na usingizi.

4. Jifunze sura ya uvimbe.

Uvimbe hauji na kelele. Mgonjwa jana alikuwa anafungua macho ukimwita, leo mpaka umtingishe. Jana alikuwa anakubana mkono kwa ule mkono mzima, leo anakawia. Anatapika bila kula. Ndugu wanasema "amepumzika, mwacheni alale, jana hakulala." Jamani! Mgonjwa wa kiharusi kikubwa anayelala sana siku ya pili hajapumzika. Huo usingizi ndo dalili yenyewe. Dalili ya kuchelewa ni mboni ya jicho moja kuwa kubwa na ukimulika tochi haisinyai, ukifika hapo mlango unakaribia kufungwa.

Kila unapoingia kumwona fanya vitu vitatu tu: mwite jina, mwambie akubane mkono, angalia kama jibu ni lilelile la asubuhi. Likibadilika tafuta nesi sasa hivi, sio ukimaliza kuswali, sio ukimaliza kuongea na shangazi wa Mombasa.

Wakati huu utaona tumemnyanyua kichwa kama nyuzi 30, msimwongezee mito mpaka shingo ikunjike. Utaona pia chupa ya manitoli, inavuta maji kutoka kwenye ubongo. Ikikaa sehemu ya baridi inafanya chenga kama sukari guru, ndo maana unaweza kumkuta nesi anaizungusha chupa kwenye beseni la maji ya moto kabla ya kuitundika, hapiki chai. Manitoli inawasogezea masaa, haimalizi tatizo. Na ile deksamethazoni (dawa ya kushusha uvimbe) ambayo kila mtu ana jirani aliyepona nayo, kwenye uvimbe wa kiharusi haisaidii, msiinunue.

5. Mpasuaji wa ubongo aitwe mapema, kabla hajahitajika.

Hapa nina ugomvi na watu wetu na hospitali pia. Mgonjwa mwenye kiharusi kikubwa, CT imeonyesha nusu ya ubongo imekwenda, anaachwa wodini mpaka mboni itanuke ndo inapigwa simu ya rufaa. Unaruhusiwa kabisa kuuliza siku ya kwanza: "Dokta, huyu akivimba, nani atampasua na wapi?" Kama jibu ni "hapa hatuna", basi safari inapangwa mgonjwa akiwa bado anaitika. Wapasuaji wa ubongo hawapo kila mkoa. Dar watu wanaenda MOI (ile taasisi ya mifupa) pale Muhimbili, Kanda ya Ziwa ni Bugando kule Mwanza, Unguja Mnazi Mmoja, Nairobi ni Kenyatta na hospitali kubwa za binafsi. Ulizeni gari lina oksijeni na nani anapanda naye. Gari la wagonjwa lisilo na nesi ni teksi yenye king'ora.

6. Kaeni kikao. Kifupi. Na hizi namba.

Hiki ndo kitu kizito kuliko vyote kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ulaya walifanya tafiti tatu, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi, mwaka 2007 wakaziunganisha matokeo. Wagonjwa wa miaka 18 mpaka 60, wamepasuliwa ndani ya saa 48. Baada ya mwaka, kati ya kila 100 ambao hawakupasuliwa walibaki hai kama 29. Waliopasuliwa walibaki hai 78. Tofauti kubwa mno, dawa chache duniani zina tofauti hiyo.

Sasa sikiliza upande wa pili ambao koridoni hatuusemi vizuri. Katika hao 78, hakuna aliyerudi kama alivyokuwa. Kama 43 waliweza kutembea wenyewe, wengi wao wakihitaji msaada mdogomdogo. Kama 31 walibaki hawawezi kutembea bila kushikwa wala kujihudumia chooni bila mtu, na kama 4 wakabaki kitandani moja kwa moja.

Juu ya miaka 60 hesabu inabadilika, na ndo maana niliomba umri wa kweli. Wajerumani walilipima hilo wakatoa majibu 2014, watu wa miaka 61 kwenda juu. Baada ya miezi 6 waliofariki bila kupasuliwa ni 70 kati ya 100, waliopasuliwa 33. Uhai umeongezeka, ila wa kutembea wenyewe walikuwa 7 tu, na kwenye kujitegemea kabisa hakuna hata mmoja. Wengi waliobaki wanahitaji mtu kila siku.

Kwa hiyo swali la kikao sio "tunampenda au hatumpendi". Nimesikia binti akimwambia kaka yake "wewe unataka urithi" kwa sababu tu kaka aliuliza mama ataishije. Swali ni: mwenyewe angekuwa anaongea, angesemaje? Alishawahi kumuuguza mtu hivyo, akasema nini? Kuna wazee wanaosema "hata nikiwa kwenye kiti, nione wajukuu, sawa." Kuna waliosema kinyume na wakamaanisha. Vyote viwili ni majibu na hakuna nesi wa kukuhukumu. Pia jiulizeni nani atamgeuza usiku, jina la mtu, sio "tutasaidiana".

Kuhusu upande: watu wanadhani kiharusi cha kushoto, kinachoondoa maneno, ndo kisipasuliwe. Kwenye zile tafiti waliopoteza maneno nao walifaidika, upande peke yake sio sababu ya kukataa.

Kosa kubwa la hapa ni kumsubiri mtu. Kulikuwa na familia, mgonjwa ana miaka 47, kila mtu kakubali, ila baba mkubwa yupo kwenye basi anatoka Singida na bila yeye hakisainiwi kitu, simu yake haipatikani. Alifika saa tatu usiku. Saa kumi na moja jioni mboni zote mbili zilishatanuka. Baba mkubwa mpigieni, awasikie kwenye spika, lakini kikao kiendelee.

Na mzee akisema "kichwa cha binadamu hakifunguliwi, ni mambo ya wazungu", mwambieni Wakisii kule Kenya walikuwa na mafundi wao, omobari, wakifungua fuvu za watu walioumia kichwa kwa vyuma vya kijijini miaka na miaka kabla ya hizi thieta. Mimi hiyo imeshanisaidia kwa wazee wawili.

7. Uliza damu yake inaganda?

Hili ndo swali maalumu la aliyechomwa sindano. Alteplazi yenyewe inaondoka haraka, nusu yake inaisha kwenye damu kwa kama dakika 5, ila inakuwa imeshakula fibrinojeni, ile protini inayoshikisha bonge, na kujirudi kwake ni masaa. Kwa hiyo mpasuaji anapenda saa 24 zipite, na uvimbe kwa bahati mara nyingi unakuja baada ya hapo. Ukipiga hesabu unaona kati ya saa 24 na 48 ndo nafasi yenu nzuri, ndo maana hatua ya 6 haitakiwi kuchukua siku mbili.

Akizidiwa kabla ya saa 24 haimaanishi basi tena. Wanapima fibrinojeni na chembe sahani (zile chembe za damu zinazosaidia kugandisha), wanamwongezea kinachopungua, wanaingia. Sindano sio kifungo cha kumzuia kupasuliwa. Wanaohitaji umakini zaidi ni waliokuwa wanameza klopidogreli au warfarini nyumbani, ndo maana nikasema leteni vikopo.

Hapa ndo wachangiaji damu wanapoingia. Saini fomu ya ridhaa ukiwa umeisoma, na kabla ya kalamu uliza: mfupa wa fuvu mtakaoutoa mtauweka wapi?

8. Thieta.

Hapa huna kazi, ila ujue kinachoendelea. Ananyolewa (rasta za mama mkizitaka semeni mapema, zinatupwa). Wanachana ngozi umbo kama alama ya kuuliza kuanzia mbele ya sikio kwenda nyuma na kurudi kwenye paji la uso. Wanatoa kipande cha mfupa kikubwa, angalau sentimita 12, mkubwa kuliko kiganja chako, maana tundu dogo linaukaba ubongo na kuuumiza zaidi. Wanafungua utando wa ubongo na kuushona kiraka ili upate nafasi. Ubongo wenyewe kwa kawaida hawaukati. Ngozi inarudishwa juu, mfupa haurudi.

Mfupa unaenda sehemu mbili: kwenye friji maalumu ya baridi kali, au unashonewa chini ya ngozi ya tumbo la mgonjwa mwenyewe. Msishtuke na la tumbo, sehemu ambazo umeme na friji havitabiriki ni njia ya akili kweli, mfupa unakaa salama na hauwezi kuchanganywa na wa mtu mwingine.

Na tafadhali: mtu amepooza KULIA, fuvu linafunguliwa KUSHOTO. Ubongo unaendesha mwili kwa kupishana. Kila mwaka napata familia inayotaka kuita polisi kwamba wamepasua upande sio.

9. ICU baada ya operesheni.

Atatoka na mashine ya kupumulia, mpira puani, mpira wa mkojo, na uso umevimba mpaka jicho limefunga. Siku ya tatu jicho linaanza kufunguka. Upande usio na mfupa utavimba nje, halafu baada ya wiki kadhaa utabonyea. Hayo yote ni ya kawaida.

Andikeni kwa maka pen, karatasi kubwa juu ya kitanda: HAKUNA MFUPA UPANDE WA KUSHOTO. Zamu zinabadilika, wanafunzi wanakuja, na mtu asiyejua atamlaza palepale. Hatulazi upande ule.

Aspirini itaanza dokta akisema, baada ya CT. Msiiulize kila asubuhi, ila msiruhusiwe kwenda nyumbani bila kuiuliza.

10. Nyumbani.

Mgeuzeni kila baada ya masaa mawili, usiku pia. Vidonda vya kulalia vinaua watu ambao operesheni iliwaokoa, nimeona zaidi ya mara moja. Chakula kwa mpira mpaka mtu wa kupima kumeza aseme sawa. Fizio (mtu wa mazoezi ya viungo) aanze mapema, na yale mazoezi aliyowaonyesha mfanye hata siku asiyokuja.

Kichwa: kofia ngumu kila anaposhuka kitandani. Wengi tunatumia helmeti ya baiskeli iliyopanuliwa upande mmoja kwa sponji. Bodaboda hapana, hata kwa "hapo tu". Waislamu wanauliza sana kuhusu kusujudu: aswali amekaa kwenye kiti au kitandani kwa ishara, kichwa kisishuke chini wala kugusa sakafu, na mashehe hawana shida na hilo. Kinyozi aambiwe. Watoto wadogo waondolewe kitandani, wanapenda kubonyeza pale panapopwitapwita.

11. Kurudisha mfupa.

Uvimbe ukiisha kabisa na hakuna maambukizi, mara nyingi miezi kati ya mmoja na nusu na sita, kila mpasuaji na ratiba yake. Msipotee! Watu wanaona mgonjwa anaendelea vizuri wanaacha kliniki, mwaka unapita. Kama uliwekwa friji andikeni tarehe, namba ya faili na jina la friji au idara. Hospitali moja ambayo siitaji lebo ilifutika kwa barafu na familia ikaambiwa irudi wiki ijayo mara nne. Mfupa ukiharibika kuna titani au saruji ya mifupa, inafanya kazi, ila hela yake nyingine.

Mambo yakienda ndivyo sivyo

*Pale palipobonyea pamezama sana, na akikaa anaumwa kichwa, anazubaa, akilala anapata nafuu.* Hewa ya nje inausukuma ubongo. Mlazeni chali, rudini hospitali, mara nyingi dawa ni kurudisha mfupa.

*Palikuwa pameshanywea sasa pamevimba tena, pagumu.* Maji yamejaa kwenye ubongo au kuna usaha. Siku hiyohiyo, hasa kama ana homa.

*Kidonda kinatoa maji meupe kama ya dafu.* Yanaweza kuwa maji ya ubongo. Msipake kitu, funikeni kwa kitambaa safi, nendeni.

*Degedege.* Mlaze ubavu wenye mfupa, usimtie kijiko mdomoni, angalia saa. Ikipita dakika 5 hiyo ni dharura, na hata ikiisha yenyewe dokta ajue.

*Mguu mmoja umevimba na unauma.* Bonge jingine hilo, la mguuni. Msiukande.

*Analia au anacheka bila sababu mbele ya wageni.* Ni kiharusi kimegusa breki za hisia, sio kurogwa. Kuna dawa, semeni kliniki.

*Hospitali imesema hafai kupasuliwa.* Ulizeni sababu kwa maneno ya kawaida, umri, muda umepita, mboni zote zimetanuka, moyo. Mnaweza kuomba mpasuaji mwingine aangalie picha, siku hizi zinatumwa kwa simu. Na kama jibu ni lilelile, kumtunza asiumie, asikauke mdomo, asiwe peke yake, hiyo nayo ni kazi na tunaifanya.

*Mfupa wa tumboni unasikika ukipapasa, unasogea kidogo.* Kawaida. Wasiwasi ni pakiwa pekundu, pa moto au panatoa maji. Nina mzee mmoja wa Mbagala alikaa nao miezi minne, wajukuu wakimchokoza anagonga pale tumboni kwa kidole, ko ko ko, anawaambia ngojeni niulize nyumba ya juu kama kuna mtu.